Kanda za Mogadishu zimerudi, za Kismayu je?

Mwaka 2016 mtafuta muziki mmoja aitwaye Samy Ben Redjeb, mwenye kampuni ndogo ya santuri huko Ujerumani iitwayo Analog Africa, aliingia katika hifadhi ya Redio Mogadishu. Rafu zilikuwa zimejaa kanda: nyimbo za kizalendo, hotuba, michezo ya kuigiza, mashairi. Lakini pembeni kulikuwa na rundo ambalo halikupangwa kama mengine. Mkuu wa hifadhi, Abshir Hashi Ali, alimweleza kwamba mengi ya rundo lile ni ala tupu na muziki wa ajabu-ajabu. Mgeni akaketi papo hapo. Desemba 2019 ule muziki wa ajabu ulitoka kwa jina la Mogadisco, na wapenda dansi wa Ulaya wakaanza kuuliza mji wa aina gani ulipiga magitaa namna ile kati ya 1972 na 1991.

Ajabu yenyewe ni hii: gitaa la umeme lenye kulia kama mtu aliyebanwa na kiu, besi iliyokaa chini kabisa, kinanda cha umeme kinachozunguka sauti moja mpaka kichwa kikuume, tarumbeta zinazoingia kwa kishindo. Ni roki, ni fanki, ni dhaanto ya nyika ya Wasomali, ni sauti ya mabaharia wa Banadiri, vyote kwenye chungu kimoja. Mtu wa Mombasa au Unguja akiisikiliza atasema anaijua, kisha atashindwa kusema anaijulia wapi.

Wapenzi wa roki duniani wana visa vyao vya albamu zilizochelewa, na huvisimulia kama sisi tunavyosimulia visa vya majini. Cha kwanza kutajwa siku zote ni Smile ya Beach Boys. Brian Wilson aliianza mwaka 1966, akaiacha mwaka uliofuata, na rekodi zile za asili zikakusanywa na kuuzwa rasmi mwaka 2011, wakati walioingojea ujanani wameshakuwa na wajukuu. Mimi nakipenda zaidi kisa cha ndugu watatu weusi wa Detroit, akina Hackney, waliojiita Death. Walirekodi mwaka 1975. Mkubwa wa kampuni ya rekodi akataka wabadilishe jina, kwani nani atanunua santuri iitwayo Mauti? David, kiongozi wao, akakataa katakata. Kanda zikawekwa darini. David alifariki mwaka 2000, na albamu ikatoka mwaka 2009.

Ukivichunguza visa hivi utaona kwamba kila kimoja kina mtu aliyesema hapana. Msanii aliikataa kazi yake mwenyewe, au tajiri aliikataa kazi ya msanii. Palikuwa na mlango, na mlango ulifungwa. Mogadishu haukuwapo mlango wa namna hiyo. Baada ya mapinduzi ya tarehe 21 Oktoba 1969, Siad Barre aliuchukua muziki kama alivyochukua mabenki. Kundi kubwa la Waaberi lilikuwa la serikali, na bendi ya Iftin ilizaliwa chini ya wizara ya elimu. Mwanamuziki alikuwa mfanyakazi wa umma: anakuja redioni, anarekodi, kanda inawekwa namba, wimbo unapigwa hewani na nchi nzima unaujua kwa moyo. Santuri zilikuwa chache mno. Albamu kama bidhaa, yenye jalada na bei na mrabaha kwa mtunzi, karibu haikuwapo. Kwa hiyo ukisema albamu za Mogadishu hazikutolewa, mzee wa huko anaweza kukushangaa. Zilitolewa kila jioni, bure, kwa mawimbi.

Wasomaji wa Dar es Salaam hawahitaji maelezo marefu hapa. Wanaikumbuka studio ya Redio Tanzania ya Barabara ya Pugu, ambako bendi zilipanga foleni kurekodi na kanda zikabaki mali ya redio. Tofauti ni kwamba Watanzania walikuwa na Nairobi jirani, mjini palipokuwa na viwanda vya kufyatua santuri, na nyimbo nyingi zikapata njia ya kufika dukani kupitia huko. Somalia na Kenya zilikuwa hazitazamani kwa jicho jema. Tangu vita vya mpakani vya miaka ya 1960, kilichovuka mpaka kwa urahisi ni samaki, shuka, na maneno makali ya redio.

Miaka ya 1980 dola ikalegea kidogo na bendi za watu binafsi zikajitokeza. Dur-Dur ndiyo iliyovuma kuliko zote. Jina lake maana yake kijito. Walipiga katika hoteli ya Jubba, na Sahra Dawo akasimama mbele na sauti ambayo kinanda kizima kililazimika kuifuata. Walifanya jambo moja ambalo wazee hawakulipenda: waliichukua saar, ngoma ya pepo, wakaifunga kwenye gitaa la umeme na kuipeleka hotelini. Yeyote aliyekulia pwani yetu, akajua heshima na hofu inayozunguka ngoma za pepo, ataelewa kwa nini vijana walirukaruka na kwa nini mama zao walinong'ona.

Kazi zao ziliuzwa kwa kanda. Kulikuwa na maduka mawili mashuhuri, Iftinphone na Shankarphone, na utaratibu wake tunaujua sote tuliozaliwa kabla ya simu za mkononi: unakwenda na kaseti tupu au unanunua hapo hapo, muuzaji anarudufu kutoka kanda mama, unarudi nyumbani, jirani anakuazima, naye anarudufu, na wiki ya tatu mji mzima una wimbo huo na mwanamuziki ana umaarufu mtupu. Kila nakala hupoteza kitu. Ncha ya sauti ya juu hukatika kwanza, kisha mvumo huingia kama upepo chini ya mlango. Ukifika nakala ya nne, ngoma imebaki kivuli.

Nakala za namna hiyo ndizo zilizookoka. Albamu ya tano ya Dur-Dur ilirekodiwa mwaka 1987. Mwaka 2013 kampuni ya Marekani, Awesome Tapes from Africa, iliitoa upya, na wahakiki wa New York wakaisifu kana kwamba imerekodiwa juzi. Rekodi za Iftin za miaka ya 1980 zilipata santuri yake mwaka 2022, kwa jina linaloikumbuka hoteli ya Al-Uruba iliyotazama Bahari ya Hindi. Hoteli yenyewe iliharibiwa na vita. Sauti iliyopigwa humo inauzwa leo mitaani mwa London kwa bei ambayo mpiga besi wa wakati ule asingeiamini.

Zilizosafiri mbali zaidi ni kanda za kaskazini. Mei 1988 wapiganaji wa SNM, waasi waliompinga Siad Barre, waliingia Hargeisa, na serikali ikajibu kwa ndege za kivita zilizoruka kutoka uwanja wa mji huohuo, zikageuka na kuupiga. Redio Hargeisa ilikuwa na hazina ya miongo. Wafanyakazi na wapenzi wa muziki walikuwa wameshanusa harufu ya yanayokuja. Kanda nyingine zilipelekwa Djibouti na Ethiopia, nyingine zikafukiwa ardhini mahali ambapo bomu lisingezifikia. Miaka mingi baadaye zilifukuliwa. Taasisi ya utamaduni ya Redsea mjini Hargeisa imekusanya kaseti zaidi ya 10,000, na humo ndimo Vik Sohonie na Nicolas Sheikholeslami walimochota nyimbo nyingi za mkusanyo wao wa mwaka 2017. Waliuita kwa Kiingereza kwa maana ya utamu wa tende zilizovunjika, wakaongeza kwamba ni kanda za Kisomali zilizopotea. Uliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy ya albamu bora ya kihistoria. Ukashindwa na Leonard Bernstein, jambo ambalo si aibu.

Neno "zilizopotea" ndilo linaloniudhi kidogo. Zimepotea kwa nani? Aliyezifukia alijua alipozifukia. Mama aliyekimbia na kaseti sita ndani ya mfuko wa nguo alijua anachobeba. Mtu wa Ulaya akifika na mashine nzuri ya kusafishia sauti, anafanya kazi ya maana, na simnyimi haki yake: kuna kanda zilizoshika unyevu mpaka zinanata, kuna zilizorekodiwa kwa kasi isiyo sawa hivi kwamba mwimbaji anasikika kama mtoto, na kuzirudisha ni kazi ya wiki nyingi ya masikio na subira. Lakini kuna tofauti kati ya kukiokota kitu na kukabidhiwa. Hargeisa walikabidhi.

Sasa tushuke kusini.

Ukiiacha Mogadishu, ukapita Merka na Barawa, pwani inakufikisha Kismayu. Wazee wa Kiswahili hulisoma jina hilo kama Kisima Yuu, kisima cha juu, na masikio yao hayawadanganyi: hapa unaingia nchi ambayo lugha yake ya kuvulia samaki ni Kiswahili. Kutoka Kismayu kwenda Ras Kamboni kuna mlolongo wa visiwa vidogo, Koyama, Chovai, Chula na ndugu zao, na watu wake ni Wabajuni. Ndugu zao wengine wako upande wa pili wa mpaka, Kiunga, Faza na Lamu. Bahari ni moja, nyavu ni zile zile.

Mpaka ndio uliowatenga kwenye historia ya muziki uliorekodiwa, na uliwatenga kwa bahati mbaya ya kalenda. Kismayu na Jubaland yote ilikuwa chini ya Waingereza pamoja na Kenya mpaka mwaka 1925, walipoikabidhi kwa Italia. Mwaka 1928, miaka mitatu tu baadaye, Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodi santuri, na soko la muziki wa Kiswahili likafunguka kwenye mikahawa na baraza zote za pwani. Mombasa ikaja kupata kampuni zake na nyota zake. Kismayu ilikuwa imeshafungiwa ndani ya nchi nyingine, ambako muziki uliopewa kipaza sauti ungekuwa wa lugha nyingine. Redio Mogadishu yenyewe ilitangaza kwa Kiswahili miaka ya 1960, lakini Kiswahili kile kilikuwa cha ugomvi: kililengwa kwa wasikilizaji wa Kenya wakati wa vita vya mpakani. Mwaka 1972 Kisomali kikapata maandishi rasmi ya Kilatini, shule zikageuka, na mtoto wa Chula akajifunza kusoma kwa lugha ambayo mama yake hakuitumia kumbembeleza.

Na Wabajuni walikuwa na cha kurekodi. Vave peke yake ingejaza santuri kadhaa. Hizi ni nyimbo za wakulima, zinazoimbwa usiku wa kuamkia siku ya kuuchoma msitu uliofyekwa, na humo mna wanyama, mna dua, mna majigambo, mna kumbukumbu za mababu waliolima pale kabla. Waimbaji hupokezana mpaka alfajiri. Kisha kuna kimai, wimbo wa bahari na wavuvi, ambao mtaalamu wa Mombasa Yahya Ali Omar, akishirikiana na Kevin Donnelly, aliuandikia utafiti uliochapishwa mwaka 1982 kuhusu nyimbo za uvuvi za Wabajuni. Kimai haina haraka. Inakwenda kwa mwendo wa kazi inayofanywa, na anayeiimba anatazama maji wala si wasikilizaji. Mtayarishaji wa studio angelalamika kwamba haina kiitikio cha kuuzia.

Waliofika visiwani na madaftari walikuwa wasomi. Mwitaliano Vinigi Grottanelli alifanya utafiti huko mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1955 akatoa kitabu kinene kuhusu wavuvi hao wa Bahari ya Hindi. Miaka ya 1970 akaja mwanaisimu Derek Nurse, akakusanya maneno, sarufi na masimulizi ya Kibajuni. Kazi yake kuhusu lahaja hii iliendelea kwa miongo na sehemu kubwa ikawekwa hadharani baada ya mwaka 2000, kutoka chuo kikuu cha Newfoundland, Kanada, penye baridi ya kugandisha samaki. Kwa hiyo hata hapa upo ule mtindo wa albamu iliyochelewa, ila jalada lake ni orodha ya msamiati.

Januari 1991 Siad Barre alikimbia Mogadishu. Yaliyofuata visiwani hayakuandikwa sana. Wabajuni hawakuwa na ukoo wenye bunduki wa kuwakinga, wakaporwa mashua, nyavu na roho. Walioweza walipanda majahazi wakaelekea Kenya, na wengi wakaishia kambi ya Jomvu nje kidogo ya Mombasa. Mtu anayekimbia kwa mashua huchagua cha kubeba kwa uzito wake. Maji kwanza, watoto, kisha kama pana nafasi, sufuria. Mwaka 1997 wakimbizi walirejeshwa visiwani, na wakakuta wengine wamekaa juu ya ardhi yao.

Kisha kikaja kimya cha kuamriwa. Agosti 2008 Al-Shabaab na washirika wao waliiteka Kismayu. Mogadishu, Aprili 2010, kundi la Hizbul Islam liliamuru vituo vya redio viache kupiga muziki, na baadhi ya watangazaji wakajaza nafasi za vibwagizo kwa milio ya risasi, honi za magari na sauti za wanyama. Ulimwengu ulicheka kidogo habari ile ilipotangazwa. Kismayu haikuwa na nafasi ya kufanya mzaha hata huo. Iliishi chini ya Al-Shabaab mpaka mwishoni mwa Septemba 2012, majeshi ya Kenya na wenzao walipoingia. Miaka minne ni muda wa kutosha kwa mwenye kaseti kuifukia, kuivunja, au kumwambia mtoto kwamba kile kidude cha plastiki si kitu.

Wakati huohuo, mbali sana na Kismayu, sauti za Wabajuni zilikuwa zinarekodiwa kwa wingi kuliko wakati wowote. Hapa ndipo kisa changu kinaponichoma.

Walioendelea na safari kutoka Kenya walifika Uingereza na nchi nyingine za Ulaya wakiomba hifadhi. Maofisa wa uhamiaji walikuwa na shaka. Msomali gani huyu asiyejua Kisomali, anayesema Kiswahili? Labda ni Mkenya amejibadilisha. Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji la Uingereza lilitoa uamuzi wa mwongozo uliogusa moja kwa moja uwezo wa mtu kusema Kibajuni. Ikawa lahaja ni kitambulisho. Mwombaji aliwekwa kwenye simu na mchambuzi wa lugha, mara nyingi wa kampuni ya nchi nyingine kabisa, akaulizwa visiwa vya jirani yake, majina ya samaki, jinsi ya kufika kisimani, namna wanavyoita kitu hiki na kile kwao. Mazungumzo yakarekodiwa. Mchambuzi akasikiliza tena, akaandika ripoti: huyu anatoka kusini mwa Somalia, au huyu kwa uhakika mkubwa anatoka Kenya.

Hebu fikiria kijana aliyezaliwa Chula, akakimbizwa akiwa na miaka mitano, akakulia Jomvu akicheza na watoto wa Mombasa. Kibajuni chake kina rangi ya Kimvita. Kwenye taarab hilo ni pambo; watu wangelisifu. Kwenye jalada la uhamiaji ni ushahidi dhidi yake. Akijua visiwa vyote kwa mpangilio, atashukiwa amekariri. Akivisahau viwili, basi si wa kwao. Derek Nurse na wenzake waliojua lahaja hizi walikuwa wameonesha zamani kwamba Kibajuni hakikatiki kwa kisu pale mpaka unapopita, kwa sababu mpaka ulichorwa na watu waliokuwa na wino wala si masikio.

Bendi ya Dur-Dur, kwa upande wake, imepata mwisho wa furaha kiasi. Baadhi ya wanamuziki walioishia London walijikusanya tena, wakapanda jukwaani, na mwaka 2023 albamu yao ya rekodi mpya ilitoka ikiitwa The Berlin Session, iliyorekodiwa mwaka 2019. Nimeisikiliza mara nyingi. Gitaa limezeeka vizuri. Kuna mahali mwimbaji anavuta pumzi kabla ya mstari na unasikia kwamba pumzi hiyo ilikuwa inangoja. Mwenye kanda za Mogadishu leo ana kampuni tatu nne za kumpigia simu, zote za heshima, zote zikitafuta gitaa la umeme na saksafoni. Vave haina saksafoni.

Lakini rekodi za Kibajuni zipo. Ziko kwenye seva na makabati ya ofisi za uhamiaji na za wanasheria, kila moja na namba yake ya faili, sauti ya mvuvi au binti wa mvuvi akiitaja Koyama, akimtaja changu na tasi, akieleza mlango wa nyumba ya bibi yake ulielekea wapi. Ni siri kisheria, na inafaa iwe hivyo. Aliyesema alisema ili aokoke, hakusema ili asikilizwe na watu kama mimi Jumamosi asubuhi. Mahojiano ya namna ile huchukua kama dakika 20. Upande mmoja wa santuri kubwa huchukua muda uleule.